Plau Zilizolala kwa Watu

Mwangaluka, Fundi.

Najua hutaitikia. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hashiki nyundo kabla hajawasalimia waliomtangulia uwanjani, na sasa umetutangulia wote. Basi nimesalimia. Nimekaa kwenye kigoda chako, kile cha springi ya lori, na karatasi nimeiweka juu ya kipande cha reli tunachogongea chuma, kwa hiyo mwandiko ukipinda usidhani ni machozi. Machozi niliyamaliza kiangazi. Hii ni barua ya mtu mwenye hasira, na hasira yenyewe ina furaha ndani yake, sijui niiite nini.

Nitakueleza mambo kwa mpangilio. Ulikuwa unamchukia mtu anayeanza habari mkiani.

Ulipotuacha, mvua ilikuwa imegoma msimu mmoja. Ulisema pale kitandani, kwa sauti ile iliyobaki nusu kwa sababu ya kifua, kwamba mvua ni kama mkwe, ikinuna mara moja usihamaki. Fundi, ilinuna mara ya pili. Pamba iliota ikafika magotini, ikakauka imesimama. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikosa cha kuchambua, kikafunga geti. Geti lile lilipofungwa ndipo Bariadi ilipojua kwamba wote tulikuwa tunakula kutoka mle ndani, hata sisi tuliojidai mafundi wa kujitegemea. Gereji zilikosa malori ya kutengeneza. Wauza kanga walikaa vizingitini wakaanza kusukana nywele. Mama lishe wetu alibadilisha sufuria akachukua ndogo, kisha ndogo zaidi, mwisho akawa anapikia watu anaowajua kwa majina tu. Shija seremala, jirani yako uliyekuwa unamtania kwamba anapiga randa kama anamnyoa mchungaji wa kanisa, aliacha kuchonga nira, maana ng'ombe wa kuvaa nira walikuwa wanapelekwa mnadani wakiwa mbavu tupu.

Na mimi? Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi, mchana nafagia tena. Uwanja wako haujawahi kuwa safi vile. Nilikuwa naona aibu.

Mwanao Ngasa alikuja kutoka Mwanza kumaliza mambo ya msiba. Simlaumu, Fundi, naomba na wewe usimlaumu. Alikuta moto umezimwa, Shija amelala juu ya mbao zake, na mimi na ufagio. Akasema, "Dada Minza, baba amekufa na kazi imekufa. Tusilinde maiti mbili." Akanipa muda mpaka mvua za kupandia. Zikinyesha uwanja hauna kazi, anauza. Mnunuzi alikuwepo tayari, mfanyabiashara anayetaka mahali pa kurundika viti vya plastiki vinavyotoka mbali. Alishakuja kupima kwa hatua, mbele ya macho yangu, akikanyaga majivu ya moto wako kana kwamba ni uchafu. Mimi nikamfagilia viatu. Ndiyo, kwa makusudi.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: uwanja huu, moto wako, Shija na mbao zake, mama lishe na sufuria zake, wote tuliokuwa tunaishi chini ya mabati yako. Mvua za kupandia, au viti vya plastiki.

Wiki ile ile lori la skrepa likaegesha karibu na stendi. Watu walileta sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, na plau. Nilikuwa napita kutafuta mkaa nikaona plau imelala kifudifudi kwenye mzani, na chini ya mkono wa kushoto ina vitone vitatu vilivyogongwa kwa msumari wa chuma. Alama yako. Nilisimama pale mpaka mwenye lori akaniuliza kama nina kitu cha kuuza au nimekuja kuangalia sinema.

Nikamkumbuka yule mzee wa Bukundi. Siku ya kukuzika alinivuta pembeni, nyuma ya boma la ng'ombe la kaka yako, akaniita mama kwa lugha ya kwetu, akanong'ona, "Mayu, kuna kitu cha Fundi kimelala kwangu." Nilidhani ni ng'ombe. Akatikisa kichwa. "Chuma," akasema, akarudi kukaa na wanaume wenzake kama vile hajasema kitu.

Kichwa changu kizito, Fundi, unakijua. Siku ile nililia tu. Mbele ya lori la skrepa ndipo nilipoelewa. Wazee wetu hawaweki ng'ombe wote boma moja. Wengine wanalazwa kwa rafiki, nchi ya mbali, ili ugonjwa ukija au wezi wakija wasimalize kila kitu. Rafiki anakamua maziwa, anatumia samadi, anatembea kijijini kama mtu mwenye ng'ombe, na hakuna anayefungua mdomo kusema ng'ombe yule ni wa nani. Wewe ulifanya hivyo kwa plau. Miaka yote ile ulikuwa unaunga springi za malori na plau za dukani zilizokatika, unazilaza kwenye nyumba zenye maksai lakini hazina cha kulimia. Plau ya mtu ikija kutengenezwa hukuigonga vitone. Niliwahi kukuuliza kwa nini, ukanijibu, "Hiyo ina mwenyewe," nikadhani unazungumzia wateja wakubwa wasiotaka vyombo vyao viguswe.

Na ndiyo maana ya michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa juani! Tulikula michembe katika uwanja huu mpaka Shija akasema tutaota majani ya viazi. Kila baada ya mavuno, gunia kutoka huku, gunia kutoka kule, anakuja nalo kondakta wa basi, anakuja nalo mtu wa baiskeli asiyekunywa hata maji. Tulisema Fundi ana ndugu wengi. Lilikuwepo gunia moja kila mwaka lenye michembe iliyokatwa nyembamba, sawasawa, kama anavyokata Mama kule Ipililo. Hilo nilikuwa nalikimbilia. Nilikuwa naichemsha na karanga, nakwambia, "Fundi, kuna mtu huko duniani anakata kama Mama yangu," na wewe unaguna.

Siku hizo hizo akatujia Bi Zuhura. Humjui. Ni afisa biashara mpya, Mdigo wa Tanga, anatembea na chupa ya chai na daftari, na viatu vyeupe ambavyo Bariadi ilishavimaliza mwezi wa kwanza. Alipita duka kwa duka, karakana kwa karakana, akiuliza tunaumia wapi. Shija akamjibu, "Kila mahali mama, mpaka kucha." Aliliandika hilo. Ofisini kwake kulikuwa na mpango wa kuzisaidia kaya zilime mvua zikirudi, na habari zilikuwa kwamba plau mpya zitaletwa kwa malori kutoka nje ya mkoa. Akasimama hapa kwenye vumbi akasema, "Mafundi, mie siyapendi magari yajayo yamejaa yakarudi na riziki za watu. Kama mwaweza kuzikarabati za zamani, kazi hii nitaipigania ije hapa. Lakini nitaulizwa ziko wapi. Nionyesheni uwanja uliojaa."

Nilimwambia zipo. Akauliza ngapi. Nikamwambia, "Zipo, mama." Shija alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akiingia mtoni na viatu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ningeweza kuliruka, lakini kwako siwezi. Ungelisoma usoni.

Siku ya mnada nilikodi kipaza sauti cha yule bwana anayeuza dawa ya panya. Nilikuwa na hasira, Fundi. Nilikuwa nimeiona alama yako juu ya mzani wa skrepa, nikasema moyoni watu hawa hawana shukrani. Nikapanda juu ya kreti la soda, katikati ya ng'ombe na wauza nyama choma, nikasema, "Yeyote mwenye plau yenye vitone vitatu, hiyo ni mali ya marehemu Fundi Maduhu wa uwanja wa mafundi. Airudishe. Asiyerudisha ni mwizi." Nilirudia, na nikarudia tena, maana kipaza sauti kilikuwa kimelipiwa. Nilijiona nimesimama mahali pako.

Bei zilisimama mnadani. Ng'ombe tu ndio walioendelea. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani aliacha nyama yake kwenye sinia akaondoka. Akina mama waliinamisha vichwa, wakawa wanapanga upya nyanya zilizokwisha pangwa. Mimi nikadhani wameguswa na maneno yangu.

Haikuja plau hata moja. Wiki iliyofuata kwenye lori la skrepa zilikuwepo plau zaidi, na chini ya mkono wa kushoto palikuwa pamesuguliwa kwa tupa mpaka chuma kinang'aa. Mwizi hana haja ya kusugua namna ile, anauza na kwenda zake. Walisugua kwa aibu. Na Ngasa naye habari zikamfikia Mwanza. Akapiga simu, "Kumbe kuna mali? Zikusanye, tutaziuza pamoja na uwanja." Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimekitoa hadharani kitu ulichokificha maisha yako yote.

Shija alinisubiri nimalize kuongea na simu. Akasema, "Minza, umewavua watu nguo mnadani. Mtu ana ng'ombe wa rafiki yake bomani, unamwita mwizi mbele ya wakwe zake? Ungetoka mzima?" Kisha akakaa siku mbili bila kuongea na mimi, jambo ambalo kwa Shija ni ugonjwa. Nilikwambia machozi niliyamaliza kiangazi. Ni hapo yalipomalizikia.

Siku ya tatu akawasha pikipiki yake akasema, "Panda. Tunakwenda kusalimia."

Tulianza Bukundi kwa yule mzee. Fundi, sijawahi kujifunza kazi ngumu kama ile ya kutouliza. Nilisalimia. Nikapewa maji. Tukaongea habari za mvua ambayo haipo, habari za malisho ambayo hayapo, habari za mjukuu wake anayesoma Mwanhuzi. Jua likahama kutoka ukuta mmoja wa nyumba hadi mwingine. Mwishowe nikasema nilichokuja nacho: kwamba mdomo wangu ulitangulia akili siku ya mnada, na kwamba nimekuja kuuchukua mdomo wangu. Mzee alitafuna kijiti chake muda mrefu. "Yaya, mayu," akasema. Hapana. "Neno halichukuliwi. Lakini linaweza kufuatwa na lingine." Akaniuliza kama kitu kikienda Bariadi kutengenezwa kitarudi. Nikamwambia kitarudi hapa hapa, na hakuna atakayejua kama kiliwahi kutoka. Akaniuliza na mwana wa Fundi je? Nikamwambia mwana wa Fundi niachie mimi. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuketi.

"Basi mwenye kulaza ni wewe sasa."

Nilikuwa sijafikiria hivyo, Fundi. Nilidhani nimeachiwa nyundo tu. Niliporudi kwenye pikipiki nilikosea upande wa kupanda, Shija akasema ni njaa.

Tulizunguka. Neno likazunguka mbele yetu, kimyakimya, kwa njia zake. Na asubuhi moja, kabla mama lishe hajakoka moto, zikaanza kuja. Ungecheka, Fundi. Ungecheka mpaka ukohoe. Moja ilikuja ndani ya mkeka, kana kwamba ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Moja ilifungwa kwenye baiskeli chini ya gunia la pumba. Mwanamke mmoja alitua kichwani mzigo wa nyasi ambao mikono miwili ya chuma imetokeza juu kama pembe, na mtaa mzima ukageuka kuangalia angani, hata polisi wa barabarani. Kila mmoja alisema analeta "kitu kidogo" au "haka kachuma." Mimi nilijibu, "Weka hapo baba, weka hapo mama," wala sikuuliza jina. Nyingine zilikuwa zimesuguliwa alama. Hizo nilizipokea kwa mikono miwili.

Bi Zuhura alipokuja aliukuta uwanja umejaa mpaka kwenye randa za Shija. Akafungua daftari. "Jina la mwenye zana?" Nikamwambia aandike uwanja wa mafundi. "Na idadi?" Shija akamweleza kwa upole, jambo geni kwake, kwamba huku kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Bi Zuhura akasema, "Lakini hizi si ng'ombe." Shija akamjibu, "Mama, wewe zitazame tu." Akazitazama. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa yote. "Kwetu hatuulizi idadi ya watoto," akasema. "Basi mie nitahesabu kwa macho nikiwa njiani, na ofisini nitajua cha kuandika." Kazi ikaja hapa, Fundi. Yale malori hayakuja.

Natamani ungesikia. Moto uliwaka mfululizo mpaka reli hii ninayoandikia ikawa haishikiki. Shija alichonga nira na vipini huku akigombana na kila mti. Wale wa gereji waliokuwa wanalala chini ya malori wakaja kupiga nati na kunyoosha vyuma, na walikuta kazi. Mama lishe alirudisha sufuria ile kubwa, ile ambayo ulisema anaweza kuogeshea ndama. Watu walipopita barabarani walipunguza mwendo kwa ajili ya kelele zetu tu. Na yule mfanyabiashara wa viti alipita naye. Nikagonga kwa nguvu zaidi.

Halafu, siku chache kabla ya mvua, alikuja Mama.

Alishuka kwenye basi la asubuhi kutoka Ipililo na mzigo umefungwa kwa shuka. Shuka nililijua. Ni lile langu la bweni, la mistari ya bluu, lenye kiraka nilichokishona mwenyewe vibaya. Hakuja moja kwa moja kwangu. Alikaa kwenye foleni na wengine, kwenye benchi la Shija, akiangalia mikono yake. Zamu yake ilipofika akafungua shuka, akageuza uso pembeni.

Vitone vitatu, Fundi, mahali ambapo utotoni sikuwahi kuchungulia.

Ile ndiyo plau ya kwetu. Ndiyo niliyojifunzia kutembea nyuma ya maksai. Ndiyo iliyonifanya niringe shuleni, wenzangu wanalima kwa jembe la mkono na mimi nasema kwetu kuna plau. Baba alikufa akiitwa mwenye plau. Ndiyo iliyolima madaftari yangu na sare zangu na hilo shuka. Na siku Mama aliponileta hapa uwanjani nikiwa msichana, amebeba michembe kichwani, mlisalimiana kama watu wasiofahamiana kabisa! Ulimuuliza, "Mama, binti yako ana mikono?" Akasema, "Anayo." Basi. Miaka yote hiyo hukusema kitu. Siku ile niliyogombana na yule kijana aliyekaa na vyuma vyetu nikajitapa mbele yako kwamba kwetu hatujawahi kukaa na kitu cha mtu, wewe ulikuwa unapuliza moto. Ulisema, "Vizuri." Vizuri! Uliendelea kupuliza moto.

Na lile gunia la michembe iliyokatwa nyembamba. Ulikuwa unaguna tu.

Ngoja nimalize. Siku ya mnada Mama alikuwepo. Aliuza kuku. Nilijua alikuja mjini siku ile kwa sababu jirani aliniambia, nikashangaa kwa nini hakupita kunisalimia, nikadhani aliwahi basi. Alikuwa amesimama kati ya wale akina mama, akapanga kuku waliokwisha fungwa, akamsikia mwanawe juu ya kreti la soda akimwita mwizi. Mara tatu. Kisha akarudi Ipililo bila kunisumbua.

Nilitaka kupiga magoti pale pale kwenye majivu. Lakini watu walikuwa kwenye benchi, na nilikuwa nimeahidi. Ningeililia plau ile kuliko zingine, wote wangejua imetoka nyumba gani, na ningekuwa nimemvua Mama nguo mara ya pili. Kwa hiyo nilifanya ulichokuwa unafanya wewe. Niliigeuza, nikaigonga kidogo, nikauliza, "Ina shida gani, mama?" Akasema, "Mkono umelegea." Niliitengeneza mwenyewe. Sikumpa mtu mwingine aiguse. Ilichukua muda kuliko zote, na Shija, ambaye si mjinga, aliwapigia wengine kelele ili wasiangalie upande wetu. Aliponyanyuka kuondoka, Mama alifunga shuka lake akasema, "Wabeja, fundi." Asante, fundi. Hajawahi kuniita hivyo.

Mvua ilinyesha juzi. Si nyingi, lakini ni ya kupandia, na harufu yake imeingia mpaka kwenye mkaa. Jana Ngasa akafika na yule mfanyabiashara wake na karatasi. Uwanja ulikuwa mtupu wa plau. Zote zilikwisha ondoka, kila moja kwa njia iliyojia.

"Ziko wapi?" akauliza.

Nikamwambia zimelala kwa watu. Akauliza ngapi. Nikamwambia hilo haliulizwi, na yeye anajua, amezaliwa hapa kabla hajahamia mjini. Alipandisha sauti, akasema ni mali ya baba yake, ana haki. Nikachukua kile kipaza sauti, maana nilikuwa nimekikodi tena kwa bwana wa dawa ya panya, nilijua siku hii itakuja. Nikamkabidhi. "Nenda mnadani kazidai," nikasema. "Panda juu ya kreti uwaite wezi. Mimi nilishajaribu, nikamkuta Mama yangu."

Samahani, Fundi. Hilo nimemwambia yeye peke yake. Nilimsogelea nikamwambia sikioni, na ni mwanao.

Alikiweka kipaza sauti chini. Kisha akakaa kwenye kigoda hiki. Nje palikuwa na mikokoteni inasubiri magurudumu, Shija anagombana na mti, Bi Zuhura anabisha hodi na daftari kwa kazi nyingine, na mama lishe anamuuliza mgeni kama anakula. Nikamkumbusha maneno yake: kama uwanja hauna kazi. Ngasa ni mwanao, neno lake halirudi nyuma. Akamwambia mfanyabiashara, "Msimu huu hapana." Hakusema kamwe. Alisema msimu huu. Unatosha! Msimu ujao na aje tena na karatasi, atatukuta hapa hapa na makelele yetu, na mvua na inune tena ikitaka, tumeshajua pa kulala. Ngasa alirudi Mwanza jana jioni, na leo asubuhi kondakta wa basi la kutoka kule ameshusha springi za lori, chuma kizuri, hazina barua wala jina. Sikuuliza.

Sasa ahadi, Fundi, halafu nikuage. Plau zako sitazihesabu. Alama yako nitaigonga kwenye kila ninayoilaza, na mwenye nyumba atatembea kijijini kama mwenye plau, mpaka watoto wake waringe shuleni. Siku moja mmoja wa watoto hao akiletwa hapa nitamuuliza mama yake kama ana mikono, na nitapuliza moto. Mavuno yakija nitapokea michembe bila kuuliza imetoka kwa nani. Ile ya Mama nitaijua inavyokatwa. Nitaichemsha na karanga, nitaguna.

Barua hii ina majina yasiyotakiwa kusomwa na mtu, kwa hiyo naitia motoni, na nadhani hiyo ndiyo posta yako. Lala salama, Fundi wangu. Lazima nisimame. Kuna mzee mlangoni, ana kitu kirefu ndani ya gunia, anaangalia angani. Ngoja nikamuulize habari za mvua.

Minza, fundi wa uwanjani kwako.